Maswali ya wasomaji: Fundi, kompyuta inanipikia chumba

Maswali ya joto ndo yamejaa mwezi huu kuliko hata ya virusi na simu zilizoingia maji, na mtu yeyote anayekaa Dar au Mombasa kipindi hiki cha Februari hawezi kushangaa. Nimechukua matano, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwasababu linabeba na mengine, kwahiyo kama swali lako halijatoka soma hilo kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi naishi Tabata, nimepanga chumba kimoja, juu mabati na siling bodi, dirisha moja la alumini. Kazi yangu kuediti video za harusi na send-off, usiku nikimaliza nacheza gemu kidogo. Nilichukua PC ya mtumba lakini ya nguvu, GPU (kadi ya picha) ni RTX 3080, prosesa Ryzen 5 5600X, monita mbili. Sasa fundi nikiiwasha nusu saa tu chumba hakikaliki, nakaa kifua wazi na bado jasho linadondokea kibodi, feni ipo ila inapuliza hewa ya moto tu. Rafiki mmoja kasema ninunue kipozeo cha maji, mwingine kasema nifungue ubavu wa kesi, mwingine anasema tatizo ni pawa saplai ya wati 750 niweke ndogo. Nikiangalia joto la prosesa lipo 70 tu kwahiyo mashine haiumwi, naumwa mimi. Afu kuna ishu ya pili, luku tunashea vyumba vinne na wenzangu wameshaanza kuninunia. AC sina hela. Nifanyeje?
— Mhariri wa harusi, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa jasho. Tuanze na hao marafiki zako maana wote watatu wanakuhangaisha bila sababu.

Umeme wote unaoingia kwenye hiyo PC, wote kabisa, unaishia kuwa joto ndani ya chumba chako. Haupotei, haubaki kwenye video, hata ule mwanga wa monita ukigonga ukuta unageuka joto. Kwahiyo PC ikivuta wati 500 ukutani basi una hita ya wati 500 chini ya meza, haijalishi ina taa za rangi au haina. Kipozeo cha maji kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa haraka na kulimwaga chumbani, prosesa itashuka kutoka 70 kwenda 60 na utafurahi ukiangalia namba, ila chumba kitapokea joto lilelile. Kufungua ubavu wa kesi hivyohivyo, unachopata ni vumbi na mende. Na pawa saplai ya wati 750 haivuti wati 750, hiyo ni uwezo wake wa mwisho, yenyewe inavuta kile mashine inachotaka na kuongeza kidogo kinachopotea njiani. Ukiwa na ya daraja la 80 Plus Gold inapoteza kama asilimia 10, ya Bronze kama 15, kwa mashine yako tofauti ni wati 25 hivi, sio kitu cha kukutoa mfukoni.

Sasa tupige hesabu ya mashine yako. RTX 3080 peke yake imepangiwa wati 320. 5600X kwenye gemu weka kama 70, mazabodi na ram na feni weka 40, jumlisha upotevu wa pawa saplai na monita mbili, unafika wati 500 mle mle. Mwili wa mtu aliyekaa ametulia unatoa kama wati 100. Yaani ukianza gemu ni sawa umekaribisha wageni watano wakae na wewe kwenye chumba kimoja na hakuna anayetoka mpaka saa nane usiku.

Na chumba chenyewe kidogo. Kama ni tatu kwa tatu na siling ipo mita 2.8 juu, hewa yote iliyomo ina uzito kama kilo 30, na ukiipa wati 500 bila kitu kingine kulipokea joto hilo ingepanda digrii moja kila dakika. Kinachokuokoa ni kuta na sakafu, zinakunywa joto taratibu ndo maana inachukua nusu saa badala ya dakika tano, lakini zikishashiba zinalirudisha usiku kucha hata ukiwa umezima na umelala, nadhani hilo umeshaliona.

Kwahiyo njia ni mbili tu, upunguze wati zinazoingia au ulitoe joto nje. Nitaanza na kupunguza kwasababu ni bure na inakutatulia na ishu ya luku kwa mkupuo.

GPU ndo mwenye kosa, prosesa yako ina nidhamu iache. Pakua programu ya MSI Afterburner, ni ya bure na inafanya kazi hata kama GPU yako sio ya MSI, kuna kijiti kimeandikwa Power Limit, kishushe mpaka 75. Hapo umeiambia kadi isivuke wati 240. Utadhani utapoteza robo ya spidi, hapana, hizi kadi zinatoka kiwandani zimekamuliwa sana, zile wati za mwishomwisho zinaleta fremu (picha kwa sekunde) chache mno, wengi hawaoni tofauti kwa macho. Ukiwa na muda jifunze na kushusha volti, hapo spidi inabaki karibu ileile na wati zinashuka, ila ukishusha kupita kiasi gemu inakuwa inajifunga yenyewe, ikitokea hivyo unapandisha kidogo unaendelea, hakuna kitu kinaungua.

Cha pili funga fremu. Kama monita yako ni ya hertz 60, yaani inaonyesha fremu 60 tu kwa sekunde, na gemu inatoa fremu 140 basi zile 80 za juu unazilipia umeme na jasho na huzioni. Washa V-Sync kwenye gemu, inayozuia fremu zisizidi za monita, au weka kikomo cha fremu 60 kwenye mipangilio ya kadi, kwa gemu nyepesi kama za mpira unaweza kukuta GPU imeshuka mpaka nusu. Hii mimi ndo naipenda kuliko zote, dakika moja umemaliza.

Kwenye kazi yako ya video, hakikisha wakati wa kutoa faili umechagua Hardware Encoding kama unaeditia kwenye programu ya Premiere, pale kazi inafanywa na kipande maalum ndani ya GPU ambacho kinakula umeme kidogo na kinamaliza mapema, ukiiacha prosesa ihangaike peke yake harusi ya saa tatu itakupikia chumba usiku mzima. Na ukiwa unakata tumia proksi, zile faili ndogo za muda, mashine inapumua. Kurenda kwenyewe, yaani kutoa hilo faili la mwisho, panga alfajiri au muda unatoka kwenda dukani, kwani lazima ukae pale unaiangalia?

Afu kuna tabia moja vijana mnayo, PC inaachwa usiku kucha inadownload kwa bando la usiku. Mashine kama yako hata isipofanya kitu inavuta wati 70 mpaka 80. Kwa saa nane ni zaidi ya nusu uniti na joto lake lote unalilalia. Downlodi kwa simu uhamishe asubuhi, na PC ilaze, ikilala inavuta chini ya wati 5.

Ukifanya hayo tu, kutoka wati 500 utakuwa unacheza kwenye 300 mpaka 400, na kwa gemu nyepesi chini ya hapo. Wageni wawili wameshaondoka.

Sasa kulitoa nje. Feni yako inapuliza hewa ya moto kwasababu hewa iliyomo ndo ya moto, feni haipoozi chumba, inapoza ngozi yenye jasho basi, na motor yake nayo inaongeza wati 50 hivi. Igeuze kazi. Usiku Dar inashuka mpaka kama digrii 25 nje wakati kwako ndani ni 33, hiyo hewa ya nje ni mali na ipo bure. Iweke feni ya kusimama nusu mita kutoka dirishani, uso wake uelekee NJE, ifukuze hewa ya moto itoke na hewa mpya iingilie mlangoni. Watu wengi wanaiweka ielekee ndani, haikatazwi ila joto lako lipo juu karibu na siling na linatakiwa kusukumwa. Kwa wati 500, ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya digrii 5, unahitaji kubadilisha kama mita za ujazo 300 kwa saa, yaani hewa yote ya chumba chako mara kumi na mbili kila saa. Feni yoyote ya kawaida inaweza, ila shida ni njia. Haya madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu, halafu kuna wavu wa mbu umejaa vumbi la miaka, ukiunyanyua ukiangalia kwenye mwanga huoni kitu. Usafishe huo wavu na brashi na sabuni leo leo kabla hujafanya chochote.

Mlango najua, huwezi kuuacha wazi usiku. Kama kuna geti la nondo mlangoni funga geti acha mlango, tundika pazia la wavu. Kama hakuna, muombe mwenye nyumba utoboe tundu juu ya mlango au ukuta wa pili uweke feni ndogo ya kutoa hewa, zile za jikoni na chooni za inchi nane, inatosha kabisa kwa joto lako na inafanya kazi ukiwa umefunga kila kitu isipokuwa upenyo wa hewa kuingia. Kwa maoni yangu hiyo ndo hela bora utakayotumia kwenye hili suala lote. Ila PC yenyewe usiisogeze dirishani ili eti ipumulie nje, vibaka wanavua vitu na fimbo kupitia nondo na mvua ikija ya upande imekula kwako.

Kuna mtu atakuambia uitoe PC nje ya chumba uvute nyaya. Inafanya kazi, joto lote linabaki huko, ila kwako ambaye korido ni ya wapangaji wanne sikushauri. Wenye nyumba nzima wanaweza, mnara ukakaa sebuleni na monita chumbani, waya wa HDMI wa kawaida mita tano unafika vizuri, zaidi ya hapo unatafuta ule wa HDMI unaopitisha picha kwa mwanga, na USB nayo ukivuka mita tano unahitaji waya wenye kikuza mawimbi ndani yake.

Kabla sijaenda kwenye luku, fanya jaribio moja. Siku ya jua, PC imezimwa tangu asubuhi, saa tisa mchana panda kwenye kiti uguse siling bodi. Ikiwa ya moto kama sufuria basi nusu ya kesi yako ni mabati na sio RTX, na hapo hata ukiuza PC utaendelea kulia. Rangi nyeupe juu ya bati inasaidia sana, ongea na mwenye nyumba maana wapangaji wote mtafaidi.

Luku. Shilingi 10,000 inakupa uniti kama 28 kwa wasio na ile bei ya watumiaji wadogo. PC yako kwenye wati 500 inamaliza uniti moja kila saa mbili, ukikaa saa nane kwa siku ni uniti nne, kwa mwezi uniti 120, shilingi elfu arobaini na zaidi. Na kama mita yenu ilikuwa kwenye ile bei ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, umewatoa wenzako huko wewe peke yako, kwahiyo wakinuna wana haki yao. Njia ya kujua ukweli bila ugomvi, angalia mita, kuna kitaa chekundu kinawaka kinazima na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh au namba nyingine. Kama ni 1000, kila kikiwaka kimoja ni wati-saa moja. Waombe wenzako wazime vyao kwa dakika sita, hesabu kimekonyeza mara ngapi, zidisha kwa kumi, hizo ndo wati zako. Mara 50 ni wati 500. Fanya kabla na baada ya kushusha GPU wakiwa wanaona, afu mkae mgawane mchango upya.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nipo Mombasa, Kisauni, nafanya kazi za kuandika mtandaoni kutoka nyumbani, kompyuta yangu ni HP ya mtumba ya ofisini ya i5 na skrini moja. Jioni chumba kinakuwa joto sana. Nimeona watu wanauza vile visanduku vya feni vya kutia maji na barafu, wanasema ni kama AC lakini stima kidogo. Nikichukue? Na je bakuli la barafu mbele ya feni linasaidia?
— Dada wa Kisauni

JIBU: Aleikum salaam dada yangu. Kile kisanduku usikichukue, angalau sio ukiwa pwani. Kinapoza kwa kukausha maji hewani, na ili maji yakauke inatakiwa hewa iwe kavu, sasa Mombasa unyevu wa hewa kawaida ni asilimia 70 na kuendelea, maji hayana pa kwenda. Utaishia na chumba cha joto lilelile na unyevu juu yake, shuka zinanata na nguo kabatini zinaota ukungu. Mtu wa Dodoma miezi ya kiangazi kinamfaa, yeye hewa yake kavu.

Barafu ni hesabu nyingine. Kilo moja ikiyeyuka inakula joto la kilojuli 334, kwa kompyuta yako ambayo pamoja na skrini naikadiria wati 60 ukiwa unaandika hiyo ni kama saa moja na nusu, sio mbaya kwenye karatasi. Lakini hiyo barafu umeigandisha wapi? Kama friji ipo ndani ya nyumba hiyohiyo basi joto lililotolewa kwenye maji limetoka nyuma ya friji likarudi ndani, pamoja na joto la umeme wa friji yenyewe. Kama unanunua kwa muuza samaki poa, friji ya mtu mwingine ndo inaumia, ila utabeba kilo ngapi kila jioni?

Ninachotaka kukuambia ni kwamba kompyuta yako haina hatia dada. Wati 60 ni chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Umesema jioni, mimi nauliza dirisha linaangalia wapi? Kama ni magharibi, kioo cha mita moja ya mraba kikipigwa na jua la saa kumi kinaweza kuingiza wati 500 na zaidi, hapo ndo umefuga ile RTX ya yule kijana wa Tabata bila kuinunua. Na pazia la ndani halikusaidii sana kwasababu jua likishavuka kioo joto limeshaingia, pazia linapata moto na linakupa wewe. Zuia kwa NJE, mkeka, turubai, makuti, chochote kinachoacha nafasi hewa ipite kati yake na kioo. Ukimaliza hapo fungua pande mbili jioni, wakati huu upepo ni wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, dirisha la upande huo ndo la kuingizia. Feni ya juu inakufaa kuliko ya mezani kwa mtu anayekaa saa nyingi sehemu moja, na haipeperushi makaratasi ukiiweka namba moja.

SWALI: Habari za kazi fundi, mimi ni mama mwenye steshenari hapa Morogoro, fremu ndogo karibu na stendi. Nina kompyuta tatu za mtumba, mbili zina monita za kichogo bado, mashine kubwa ya photocopy, printa na mashine ya laminesheni. Mchana wateja hawataki kuingia ndani wanasubiri nje, msichana wangu wa kazi anaumwa kichwa kila siku. Nikitoa kompyuta mbili joto litapungua?
— Mama Steshenari

JIBU: Salama mama, shikamoo. Usitoe kompyuta, toa vichogo. Monita ya kichogo ya inchi 17 inavuta wati 70 mpaka 80, ya bapa ya mtumba inavuta kama 20, kwahiyo kwa kubadilisha mbili tu umeondoa zaidi ya wati 100 muda wote duka lipo wazi, na meza inapata nafasi. Ndani ya miezi kadhaa itajilipa kwa umeme.

Lakini mkubwa wa joto kwenye fremu yako ni ile photocopy, mama. Ndani yake kuna rola inayoyeyusha wino kwenye karatasi, inakaa kwenye digrii 180 mpaka 200 hivi, ndo maana karatasi inatoka ya moto, na wakati inafanya kazi mashine inavuta wati elfu moja na zaidi. Shida sio wakati inatoa kopi, maana hapo inakuingizia hela, shida ni pale imekaa saa nzima haina mteja na rola ipo moto inasubiri. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuokoa umeme, iweke iingie usingizi baada ya dakika tano au kumi bila kazi. Itachelewa nusu dakika mteja akija, mpigishe stori. Na mashine ya laminesheni iwashwe mtu akishatoa kitambulisho mfukoni, sio asubuhi ukifungua duka, mara nyingi naikuta steshenari nyingi inawaka toka saa mbili asubuhi na imelaminetia vitu vitatu.

Huyo binti kichwa kinaweza kuwa joto na kinaweza kuwa hewa, mashine za namna hii zinatoa harufu yake zikifanya kazi nyingi sehemu iliyofungwa, na fremu za stendi nyingi zina mlango mbele tu nyuma ukuta mtupu. Isogeze photocopy ikae nyuma kabisa, toboa tundu la juu hapohapo nyuma yake uweke feni ya kutoa hewa, hewa ya mlangoni ipite kwa binti na wateja kwanza kabla ya kufika kwenye mashine. Sasa hivi nadhani ipo mlangoni ili ionekane, na joto lake lote linapuliziwa kwa mteja.

SWALI: Fundi, mimi nipo Maskati, Oman. Huku AC inawaka saa ishirini na nne kipindi cha joto. Nikiitoa PC yangu ya gemu chumbani nikaiweka kwenye korido nitaokoa umeme wa AC? PC inavuta kama wati 400.
— Mswahili wa Maskati

JIBU: Kama korido nayo ni baridi ya AC hujaokoa kitu kaka, umehamisha joto toka chumba kimoja kwenda kingine na AC ileile, au ya jirani yake, italifuata. Hesabu yake ni kwamba AC nzuri kwa kila wati moja ya umeme inatoa nje kama wati tatu za joto, kwahiyo wati 400 zako zinaidai AC wati 130 na ushee za nyongeza. Saa moja ya gemu unalipia kama wati 530 na sio 400. Ukishusha GPU kama nilivyomwambia kijana wa Tabata unaokoa mara mbili, kwenye PC na kwenye AC.

Ya kufungua dirisha na kugeuza feni wewe usijaribu, nje kuna digrii 40 utaingiza balaa. Ila angalia kitu kimoja, PC isikae chini ya AC wala isiwe inapuliza kuelekea kwenye AC, maana kihisi chake kinaweza kudhani chumba kizima ni cha moto na ikawa haipumziki. Na kama unafikiria kununua ile AC ya magurudumu yenye bomba moja kwa ajili ya chumba cha gemu, hapana. Inafukuza hewa ya ndani kwenda nje kupitia bomba, na hewa ya kujaza nafasi hiyo inapenya chini ya mlango na kwenye nyufa ikitokea hukohuko kwenye joto. Ya ukutani ya BTU 9,000 inaondoa kama wati 2,600 za joto, PC yako na wewe mwenyewe hamuifikishi hata robo.

SWALI: Fundi wenzangu wanalia joto, mimi nipo Njombe. Mwezi wa sita na wa saba baridi inauma mifupa, nikicheza gemu chumba kinakuwa kizuri mke wangu anahamia huku na watoto. Swali langu, kwa umeme uleule PC inapasha chumba sawa na hita au hita ni bora zaidi?
— Baba wawili, Njombe

JIBU: Sawasawa kabisa baba. Hita ya wati 500 na PC inayovuta wati 500 zinatoa joto lilelile, duka likikuambia hita yao ina teknolojia ya kupasha zaidi kwa umeme uleule cheka uondoke. Tofauti ni kwamba hita unaweza kuinunua ya wati 2,000 na PC yako haifiki huko, na hita haihitaji ulipe mamilioni ya GPU. Nyie wa Njombe mnaruhusiwa kuacha fremu 140 zitiririke bila kikomo mwezi wa saba.

Na kama mlikuwa mnaingiza jiko la mkaa chumbani usiku, acheni kabisa, ile hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini, bora hata PC iwake. Kwahiyo mkeo akikuuliza kwanini unacheza gemu mpaka saa nane usiku, jibu unalo, ila uniti za luku mtanunua wenyewe.